Mtoa Dawa na Vichwa Vyetu

Ukiingia dukani kwake ukataja jina la shampuu kabla hujamwonyesha kichwa, ulikuwa umejichelewesha mwenyewe. Alikusikiliza mpaka mwisho, akaitikia salamu yako, kisha akavuta kiti chake kimoja cha plastiki na kusema, "Kaa. Fungua kitambaa." Ukimwambia una haraka, gari la Rulenge linaondoka, alikujibu kwamba na kesho litaondoka.

Sisi wateja wake tulimwita Dokta, kama watu wa kwetu wanavyomwita yeyote anayesimama mbele ya rafu ya dawa. Hakulipenda jina hilo hata siku moja. "Daktari yuko hospitali," alikuwa akisema. "Mimi ni mtoa dawa. Nimesomea kutoa dawa, na nimesomea kujua mahali ninapotakiwa kuishia." Basi na mimi hapa nitamwita alivyotaka, Mtoa Dawa.

Duka lake lilikuwa Ngara mjini, kwenye barabara inayoteremka kuelekea sokoni. Lilikuwa dogo na safi, na lilinuka spiriti. Ukutani alikuwa ametundika cheti chake cha mafunzo ndani ya fremu, na chini yake kalenda ambayo hakuikumbuka kuibadilisha. Mlango wa pili ulikuwa saluni ya wifi yangu, Devotha, dada wa mume wangu. Devotha ndiye aliyenipeleka kwake.

Wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya msingi kule Bukiriro, na nywele zangu zilikuwa zimeanza kubaki kwenye chanuo. Sikushtuka sana. Nilikuwa nimetoka kujifungua mtoto wa pili, na wanawake wenzangu waliniambia ni kawaida. Siku moja Devotha alikuwa ananisuka, mikono yake ikasimama.

"Wifi, hapa nyuma pana uwazi."

"Mkubwa?"

"Kama kifuniko cha soda. Na ngozi yake siipendi." Akafumua mistari yote aliyokuwa amekwisha kuisuka, bila kuniuliza. "Nenda kwa jirani yangu. Ni mkali, lakini nenda."

Nilikwenda nikiwa nimeshikilia kitambaa kichwani kwa mkono, na nikafanya kosa la kila mtu. Nilisema, "Shikamoo mama, naomba shampuu ya kuotesha nywele."

"Marahaba. Haipo."

"Imekwisha?"

"Haijawahi kuwepo. Si kwangu, si kwa mwenzangu wa juu huko, si Mwanza. Kaa. Fungua kitambaa."

Maswali yake nimeyasikia mara nyingi baadaye, akiwauliza wengine, na hayakubadilika. Kichwa kinawasha au hakiwashi? Kinadondosha nini, unga mkavu mweupe au magamba ya manjano yenye mafuta? Kina maumivu? Nyumbani kuna mtoto mwenye mapunye? Umejifungua lini? Ulisukwa lini, na usiku ule ulipata usingizi? Hilo la mwisho liliwashangaza watu. Alilieleza hivi: mtu akisukwa akashindwa kulala kwa maumivu, nywele zake zinavutwa mizizi, na hakuna chupa duniani itakayomsaidia mpaka afumue.

Baada ya maswali alikuwa akichomoa nywele moja iliyokuwa imeshalegea na kuilaza juu ya karatasi nyeupe. Kama ilikuwa na kidoto cheupe mwishoni, alisema imetoka na mzizi. Kama haikuwa nacho, imekatika njiani, na hapo alikugeukia wewe na dawa zako za kulainisha nywele na pasi yako ya moto. Watu wa aina hiyo hakuwauzia kitu. Wenye uzazi mchanga, ambao kichwa chao kilikuwa safi na nywele zinatoka kwa wepesi kila mahali, nao hakuwauzia. "Nenda kanyonyeshe, ule mboga na maharage, urudi miezi sita ikipita," aliwaambia. Wengine aliwavuta kope ya chini akaona weupe, akawatuma hospitali wakapime damu. Mtu mzima anatoka Mabawe mpaka mjini kutafuta shampuu, anarudi mikono mitupu na karatasi ya kwenda kupimwa damu! Wengi walinung'unika. Wengine walivuka barabara wakanunua kwingine.

Lakini ukiwa na mba wa kweli, ule wa kuwasha na kudondoka mabegani, alikuwa na chupa yako. Alizipanga kwenye rafu ya katikati, usawa wa macho yake. Kulikuwa na ile ya kuua fangasi, ambayo aliiamini kuliko zote. Kulikuwa na ile ya kulainisha magamba mazito mpaka yaachie. Na ile nyeusi inayonuka lami, aliyowapa wachache na kuwaonya wasitoke nayo juani kabla hawajasuuza vizuri. Alikuzungushia chupa uone tarehe ya kuisha kabla hujalipa. Kama herufi zilikuwa zimefutika, aliirudisha kwenye boksi lililokuwa chini ya kaunta, la kurudisha kwa wauzaji wa jumla.

Halafu yakaja maelezo, na hapo ndipo alipowachosha watu. Shampuu ya dawa inapakwa kwenye ngozi, nywele zitajifaidia zenyewe. Usukwe baada, si kabla. Mara mbili kwa wiki, si kila siku kama sabuni. Na ikishapakwa ikae dakika tano ndipo isuuzwe. Hizo dakika tano zilimpa taabu kwa miaka, maana kwetu maji yanapandishwa mlimani kwa ndoo, na mtu akishajimwagia maji kichwani anataka amalize. Akabuni njia. Yeye Mwislamu, mtoto wa Biharamulo mjini, mwenye Kiswahili kile cha nyumbani na si cha darasani kama chetu, aliwaambia kina mama wa Kikatoliki wa Bukiriro, "Paka, kaa kwenye kigoda, sali fungu moja la rozari. Usikimbize maneno. Ukifika Atukuzwe, suuza." Waislamu wenzake aliwaambia wahesabu tasbihi mara mbili. Mzee mmoja akamwambia yeye hasali popote. Akamjibu, "Basi kaa uwakumbuke watu wote wanaokudai samahani."

Alikuwa na maneno kama hayo, na hayakuwa ya kupamba. Mkulima mmoja wa Mabawe alimsumbua siku nzima akitaka chupa ya kumwoteshea nywele kwenye kipara. Mwisho alimwuliza, "Wewe ukipalilia, ndiyo umeotesha maharage?"

"Hapana, nimeyaondolea magugu."

"Shampuu hii inapalilia. Mbegu ikiwa ipo hai, itajiotea. Ikiwa haipo, utapalilia mpaka uzeeke."

Yule mkulima akafikiri kidogo, akasema, "Basi ya kwangu haipo." Wakacheka wote wawili, akaondoka zake na dawa ya minyoo ya watoto.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Alikuwa na ulimi. Aliwasahihisha watu wazima mbele ya wenzao, mtu akisema "nywere zinatoka," alirudia, "Nywele, enhe, zinatokaje?" na mtu akanywea. Lakini yeye mwenyewe, kwa miaka yote aliyokaa Ngara, Kihangaza chake, lugha ya kwetu, kiliishia kwenye salamu, na hata salamu aliitoa asubuhi ile ya jioni. Alipenda viatu vizuri kupita kiasi. Alikuwa mchoyo wa kiti: ukishahudumiwa tu, aliweka mkono mgongoni mwa kiti mpaka usimame. Na alisikiliza mpira redioni kwa hasira, akizomea timu yake mwenyewe, hivi kwamba siku za mechi watu wa homa za kawaida walisubiri mapumziko.

Tena kulikuwa na jambo lililotuchekesha mimi na Devotha mpaka tukalia machozi. Siku moja tulipita uani tukamkuta anaosha nywele zake, nyingi, nyeusi, za kutamanisha, kwa sabuni ya kipande. Ile ile ya kufulia.

"Mama!" Devotha alisema. "Na rafu yote ile?"

Hakugeuka. Povu lilikuwa linamtiririka shingoni. "Rafu ile ni ya vichwa vyenye shida. Kichwa changu kina shida?"

"Hapana."

"Basi niletee maji ya kusuuza, usisimame tu."

Na Devotha walikuwa na ugomvi wa muda mrefu. Wifi yangu alikuwa msusi hodari na alijulikana kwa kusuka kwa nguvu, mistari midogo midogo inayovuta mpaka nyusi zinapanda. Wateja waliipenda kwa sababu ilidumu. Mtoa Dawa alikuwa akiwaona wateja hao hao miezi kadhaa baadaye, wasichana wa miaka ishirini ambao nywele za paji la uso zimeanza kurudi nyuma. Alimwambia Devotha mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili bila upole. Mara ya tatu aliingia saluni ikiwa imejaa, akamshika mkono msichana aliyekuwa anasukwa na kumwuliza, "Inauma?"

"Kidogo."

"Inauma au haiumi?"

"Inauma."

"Devotha, legeza."

Devotha alikasirika akatupa chanuo. "Mimi nikija dukani kwako nikakwambia legeza dawa, utakubali?"

"Ukiniambia dawa yangu inamng'oa mtu nywele, nitakubali."

Hawakusemeshana kwa wiki nzima, na kuta za maduka yao zilikuwa zimegusana. Halafu msichana yule yule akarudi kwa Devotha akiwa na vipele vya usaha kando ya paji, akamwambia anataka asukwe vile vile, avifunike. Devotha alimtazama, akamshika mkono akampeleka mlango wa pili. Tangu siku hiyo saluni ya wifi yangu ilisuka kwa kulegeza, na wateja wengine walihama. Aliwaacha wahame. Alijifunza kuangalia ngozi kabla ya kugusa nywele, na watoto wenye mapunye aliwarudisha kwa wazazi wao na maelekezo, chanuo lake akaanza kuliloweka kwenye dawa kila mteja akitoka.

Si kila ugomvi alishinda. Siku moja ya soko alikuja mtu na kipaza sauti na katoni za chupa zisizo na maandishi, akitangaza shampuu ya dawa inayorudisha nywele kwa siku saba. Watu walijaa. Mtoa Dawa alifunga duka, akapenya mpaka mbele akiwa na viatu vyake vizuri kwenye lile tope.

"Ndani kuna nini?" aliuliza.

"Mitishamba, mama."

"Mti gani?"

"Mti wa siri, kutoka kwa mababu."

"Kichwa cha mtu si mahali pa siri. Mimi ya kwangu imeandikwa. Ikimdhuru mtu, hospitali watajua waanzie wapi. Ya kwako wataanzia wapi?"

Ilikuwa hoja nzuri, nami nilidhani watu watatawanyika. Hawakutawanyika. Mwenye kipaza sauti alicheka, akasema mama huyu ana duka, anaogopa kukosa wateja, na umati ukacheka naye. Chupa zikaisha kabla ya saa nane. Wiki ya pili yake wanawake wanne walikuja dukani kwa Mtoa Dawa wakiwa na vichwa vyekundu vinavyotoa majimaji. Ningependa kuandika kwamba hakuwasimanga. Aliwasimanga sana. Aliwasimanga huku akiwamwagia maji safi, ndoo baada ya ndoo, huku akiwapaka dawa, na huku akiandika karatasi za kuwapeleka hospitali. Na siku ya tatu alikwenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa mmoja ambaye hakurudi, akamsimanga huko huko, akambadilishia kitambaa.

Sasa nieleze la kwangu, kwa sababu ndilo lililonifanya nimjue.

Siku ile ya kwanza, baada ya maswali yote, aliona magamba kwenye ule uwazi wangu, akasikia kwamba panawasha, akanipa ile shampuu ya fangasi. Nilifuata kila alichosema. Nilisali rozari yangu na povu kichwani mara mbili kwa wiki, watoto wakinichungulia. Mba wa sehemu nyingine ulikwisha kabisa. Ule uwazi haukwisha. Mwezi ulipopita nilirudi, akanitazama, akasema tuongeze mwezi. Uwazi wa pili ukatokea juu ya sikio. Niliporudi mara ya tatu palikuwa na foleni mpaka nje, siku ya kliniki, watoto wanalia. Nilisema nikiwa mlangoni, "Mama, ile ile," naye akanyoosha mkono rafuni akanipa chupa juu ya vichwa vya watu. Hakuniambia kaa. Hakuniambia fungua kitambaa. Nilifurahi, kwa kweli, kwamba nimewahi gari.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nyumbani Bukiriro, nimekaa nje namenya ndizi, nikasikia pikipiki inapanda. Alikuwa yeye, ameshikilia mkoba kifuani, viatu vimejaa vumbi jekundu. Nilidhani kuna msiba.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Juzi nilikuuzia dawa bila kukutazama. Nimekuja kukutazama."

Alinigeuza kuelekea jua. Vidole vyake vilitembea taratibu juu ya ule uwazi, akiubonyeza, akiukaribia na macho. Dukani kwake kulikuwa na taa ile ya umeme tu. Sasa alikuwa na mwanga wa Mungu wote.

"Ngozi inang'aa," alisema hatimaye. "Vitundu vya nywele vimefunga. Mwalimu, ukikaa juani panazidi?"

"Panawaka. Kila nikiwa na watoto uwanjani."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Alikaa chini kwenye ngazi. Nilimwona akilimeza lile neno. "Kweli," alisema. "Hilo sikuuliza. Hii si mba, na si fangasi. Nimekosea, na nimekosea kwa miezi miwili. Jumatatu uende hospitali, si kwa mtu kama mimi. Nimekuandikia barua."

Barua ilikuwa mkobani tayari, ameongeza mistari miwili kwa kalamu pale pale. Ilisema nilichopewa, kwa muda gani, na kwamba hakikusaidia. Hakuficha kitu. Nami, nakiri, sikumshukuru. Nilikasirika. Nilimwambia, "Nimepoteza nywele zangu nikisubiri kwako." Alisema, "Ndiyo." Akanywa maji niliyompa, akapanda pikipiki.

Hospitali walinikata kipande kidogo cha ngozi wakakipeleka mbali kupimwa. Walinieleza kwamba kinga ya mwili wangu mwenyewe ilikuwa inashambulia ngozi ya kichwa, kwamba panapokwisha kuwa kovu nywele hazirudi, lakini ugonjwa unaweza kuzuiwa usisonge. Nilipewa vidonge, dawa ya kupaka, na amri ya kukimbia jua. Uwazi ule haukurudi kuwa na nywele mpaka leo. Uwazi wa tatu ulitokea kabla dawa hazijashika. Wa nne haujatokea.

Nilikaa miezi bila kumtembelea. Siku niliyokwenda, nilimkuta na mteja kwenye kiti, mwanamke aliyekuwa anabisha kwamba ametumia shampuu ya dawa muda mrefu na anataka nyingine ya kuongeza. Mtoa Dawa alikuwa anamwambia, "Kuna mwalimu mmoja nilimwongezea hivyo hivyo. Nilimpotezea miezi miwili na nywele ambazo hazitarudi. Wewe sikuongezei. Wiki nne, ikikataa unakwenda hospitali." Akainua macho akaniona mlangoni. Hakushtuka, wala hakubadilisha sauti. "Ndiye huyu," alimwambia yule mwanamke.

Baadaye nilimwuliza kwa nini anajitangaza vibaya mbele ya wateja. Alikuwa anafuta rafu. "Nikilisema kosa langu kila siku sitalisahau," alisema. "Na wewe umekuja kununua nini?"

"Sijaja kununua."

"Basi kaa," alisema, akanipa kile kiti, nikakikalia mpaka jioni bila kuondolewa.

Alifunga duka mwenyewe, kwa hiari, macho yalipoanza kushindwa kusoma maandishi madogo ya chupa. Alisema mtoa dawa asiyesoma chupa anabahatisha. Aligawa kiti, kalenda na redio, akarudi kwao Biharamulo, na baadaye tukasikia yuko kwenye shamba la kaka yake kule Nyamahanga.

Mwaka jana niliitwa semina ya walimu Biharamulo. Siku ya pili, wakati wa mapumziko ya mchana, nilichukua bodaboda mpaka Nyamahanga. Nilimkuta kwenye mkeka anachambua karanga, amekonda, amevaa raba za shambani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alitambua sauti kabla ya uso. "Mwalimu! Inama." Akapitisha vidole kichwani kwangu, juu ya uwazi wa kwanza, wa pili, wa tatu, akatafuta wa nne, hakuupata. "Vizuri. Umevaa viatu vya kutembea?"

"Nimevaa."

"Twende. Nina mtu mbishi, na amezoea sauti yangu."

Aliyekuwa mbishi alikuwa jirani, mkulima, baba wa mtoto wa kike wa miaka saba hivi. Mtoto alikuwa amekaa kivulini, kichwa ameegemeza ukutani, nusu ya utosi imevimba kama andazi, laini, inatoa usaha, nywele zimenyonyoka zote pale. Nilikuwa nimewaona wenye mapunye wengi darasani kwangu, lakini sikuwa nimeona ya namna ile.

Baba hakuwa mzembe. Alitupa vigoda, akaingia ndani akatoka na chupa, ameishika kwa mikono miwili. "Dawa ninayo, bibi. Nimeifuata mjini. Si ile ya kienyeji, ni shampuu yenye maandishi."

Mtoa Dawa aliipokea chupa akanipa mimi nimsomee. Nilimsomea jina na tarehe. "Umenunua dawa nzuri," alimwambia yule baba. "Wenye mba ningewapa hiyo hiyo. Na wadogo zake hapa waogeshe nayo, itawakinga. Lakini kwa huyu imeingia chini. Shampuu inafika juu. Huko chini inafika dawa ya kumeza, tena ya wiki nyingi, na lazima mtu wa hospitali amwone."

"Uliniambia juzi. Na jana."

"Na leo nimekuja na mwalimu."

Yule baba alitazama shamba lake, palizi imefika katikati. Nilijua atasema palizi. Hakusema. Alisema kwa sauti ya chini, ili mtoto asisikie, "Nikienda sasa wataniuliza nilikuwa wapi wiki zote hizi. Watanisema mbele za watu."

"Watakusema," Mtoa Dawa alisema. "Sikudanganyi. Nusu saa watakusema. Mtoto ana umri mrefu wa kutembea na kichwa hicho."

Mimi nilitazama saa. Semina ilikuwa inaanza tena. Nikazima simu. "Mimi nitakwenda na nyinyi," nilisema. "Wakikusema, watatusema sote."

Yule baba aliinuka akaingia ndani, mlango ukarudi nyuma yake. Tulikaa. Sikujua kama anavaa au anajificha. Mtoa Dawa hakuita wala hakugonga, alikaa tu kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyefika mahali pake pa kulala. Muda ulipita, kuku wakaja wakatuzunguka wakaondoka. Mlango ulipofunguliwa alikuwa amevaa shati la kanisani na ana kadi ya kliniki ya mtoto mfukoni. Akamfunika binti yake kitambaa kichwani, akambeba begani, upande usiouma, tukashuka mpaka barabarani.

Zahanati ilikuwa na watu wengi kwenye mabenchi. Mtoto alipewa dawa siku ile, na kwa habari ninazopata kwa simu nywele zimerudi, isipokuwa sehemu ndogo nyuma. Lakini ninachokikumbuka ni muuguzi kufungua kile kitambaa, uso wake kubadilika, na kumgeukia baba kwa sauti iliyofika mpaka benchi la mwisho. "Mzazi, mtoto amefika hivi, ulikuwa wapi?"

Nilifungua mdomo. Mtoa Dawa akanibana mkono, ninyamaze.

Yule baba alisimama wima na shati lake jeupe, watu wote wanamtazama. "Nimechelewa," alisema. "Lakini nimekuja. Mtibu."